Kilosa: Lima Chini, Lala Juu

Wengi wetu tuliolewa mbali na kwetu. Siku ya kwanza unapofika ukweni unaonyeshwa jiko, kisima na kamba ya kuanikia nguo. Lakini ni nadra mtu akae nawe chini akueleze mji wenyewe: umetoka wapi, kwa nini umekaa mahali hapo, na ni kitu gani kinachowanyima usingizi watu wake. Haya unayaokota mwenyewe, kidogo kidogo, na mengine unayajua ukiwa tayari umeshakosea.

Mimi niliolewa Kilosa, mji mdogo ulio bondeni katika Mkoa wa Morogoro. Ilinichukua zaidi ya miaka kumi na tano kuuelewa mji huo, na nilipouelewa ndipo nilipoelewa pia kwamba nilikuwa nimemkosea mama mkwe wangu.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, mama alinipigia simu. Yeye si mtu wa simu ndefu. Alisema, "Njoo, na uje na huyo mjukuu wangu anayesoma. Kuna karatasi hapa." Mume wangu alikuwa safarini kikazi. Niliomba ruhusa ya siku nne zahanati, nikafunga mzigo mdogo, nikaondoka na binti yetu mwenye miaka kumi na sita.

NJIA YA KWENDA

Kutoka Morogoro mjini tungeweza kwenda kwa treni. Niliamua tupande basi, kwa sababu nilitaka mtoto aone nchi ya baba yake kwa macho, asiipite kama upepo.

Basi linashika barabara ya Dodoma. Hapo Dakawa unavuka Mto Wami, na pande zote ni mashamba ya mpunga. Nilimwambia binti yangu, "Tazama maji hayo. Mengi yamepita kwa bibi yako kabla ya kufika hapa." Alicheka, akidhani natania. Lakini ni kweli. Mto unaopita Kilosa unaitwa Mkondoa. Ukishatoka Kilosa unaingia katika mbuga tambarare ya Mkata, unakutana na mito mingine, na mwisho wote wanakuwa Mto Wami, unaomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani.

Tulipofika Magole, jirani na Dumila, nilimwonyesha daraja. Januari 2014 mafuriko yalilichukua daraja la hapo, na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Katika wilaya hii mvua si habari ya kuulizia tu nguo zilizoanikwa. Mvua huamua nani atasafiri, nani atalala njaa na nani atabaki na nyumba.

Dumila unaiacha barabara kuu, unakata kushoto. Kutoka hapo hadi Kilosa ni kama kilomita 70. Miaka niliyoolewa njia hii ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na mama mjamzito aliyepitishwa humo alifika akiwa hoi. Leo ni lami, na tofauti yake anaijua zaidi muuguzi kuliko dereva.

Katikati ya njia hiyo kuna Msowero. Hapo binti yangu ndiye aliyenishika mkono. "Mama, hapa si ndipo kwa Mangungo?" Naam, ndipo. Kila mtoto wa Tanzania amesoma habari zake darasani. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alipita nchi za Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akiwa na karatasi. Huko Msowero alimpata Mangungo, mkuu wa mahali hapo, akamtia katika mkataba ulioandikwa kwa lugha ya wageni, ambao ulisema kwamba nchi yake yote imetolewa kwa Wajerumani. Mwezi Februari mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilizitumia karatasi hizo kutangaza ulinzi wake juu ya nchi hizi. Tangu hapo, mtu akitia sahihi jambo asilolielewa, Watanzania humwambia ameingia mkataba wa Mangungo.

Mtoto alitazama nje kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na bibi ana karatasi gani?" Sikuwa na jibu.

BONDE NA MILIMA YAKE

Ukifika Kilosa unaona mara moja kwa nini watu walikaa hapa. Upande wa magharibi milima imesimama kama ukuta: Ukaguru kaskazini, Rubeho kusini, yenye vilele vinavyopita mita 2,000. Ni sehemu ya ile safu ya milima ya kale inayoitwa Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Usambara na Uluguru. Upande wa mashariki nchi inalala tambarare hadi macho yachoke. Mji wenyewe uko mlangoni, pale Mkondoa unapotoka katika korongo la milima na kuingia uwandani, kwenye mwinuko usiofika mita 500.

Maji yake yanatoka mbali. Mto Kinyasungwe unatoka pande za Dodoma, nchi kavu ambayo mvua ikinyesha huteremka kwa kishindo na udongo mwingi. Mito mingine inatoka milimani. Yote inabanwa katika korongo moja kupitia Gulwe na Kidete, na inapofunguliwa kutoka humo, wa kwanza kuipokea ni Kilosa.

Hiyo ndiyo neema yake na ndiyo taabu yake. Udongo ambao mto unauleta ndio unaostawisha mahindi, mpunga, ndizi na miwa. Vitunguu vya Lumuma, huko juu mpakani na Mpwapwa, vinajulikana hadi sokoni Dar es Salaam. Hapo jirani Ilonga kuna kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho mbegu zake za mahindi kama Staha zimepandwa na wakulima wengi wa nyanda za chini. Kusini ni Mikumi, penye hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Ni bonde lisilomnyima mtu chakula, lakini mkono huohuo unaolisha ndio unaobomoa.

Wenyeji ni Wakaguru, Wasagara na Wavidunda. Jambo moja mgeni anapaswa kulijua: hawa, kama Waluguru jirani zao, wanahesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi nyingi ya asili imeshuka kwa njia hiyohiyo. Mimi nimezaliwa kwa watu wanaohesabu ukoo kwa baba. Kwa miaka mingi nilisikia mama mkwe akisema "shamba la mama yangu" nikadhani ni namna tu ya kuzungumza.

MISAFARA, RELI NA MKONGE

Korongo la Mkondoa lilikuwa njia kabla ya kuwa mji. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita humu ikibeba nguo na shanga, na kurudi na pembe za ndovu, na watu waliotiwa utumwani. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Stanley alipita mwaka 1871 wakati wa masika, akienda kumtafuta Livingstone. Mbuga ya Mkata ilikuwa imejaa maji. Punda wake walikufa, naye mwenyewe akashikwa na kuhara damu. Nikisoma habari hizo nasema moyoni kwamba wagonjwa wa bonde hili hawajabadilika sana.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro mwaka 1907, wakapita Kilosa na kufika Dodoma mwaka 1910. Waliifuata njia ya misafara, kandokando ya mto, kwa kuwa ndiyo njia nyepesi. Mwenye viwanda mmoja wa Ujerumani aliyeitwa Otto alifungua shamba kubwa la pamba Kilosa na kuleta majembe ya kuvutwa kwa mitambo ya mvuke. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya upande wa Waingereza yaliuteka mji mwezi Agosti 1916.

Wakati wa Waingereza mkonge ndio uliotawala, hasa Kimamba na kandokando ya reli. Wafanyakazi waliletwa kutoka mikoa ya mbali kwa mikataba. Ndio hao walioitwa manamba. Wengi hawakurudi kwao. Ndiyo maana Kilosa leo utakuta majina ya kila kabila, na jirani aliye Mbena ana mkwe Mkaguru na shemeji Mnyamwezi. Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, na kamba za nailoni zilipoenea duniani, bei ya mkonge ilianguka na mashamba mengi yakarudi porini. Mwaka 1965 ilifunguliwa njia ya reli ya kwenda Kidatu kupitia Mikumi, na Kilosa ikawa njia panda.

Kwa akina mama wa Kilosa reli ilikuwa soko. Treni iliposimama, walikimbia kando ya madirisha na beseni kichwani: ndizi, mahindi ya kuchemsha, mayai, chai. Mama mkwe aliwasomesha watoto watano kwa beseni. Alinieleza kwamba alijua mlio wa treni ya abiria na wa treni ya mizigo hata akiwa usingizini, na kwamba treni ilipochelewa hadi usiku wa manane, beseni lilisubiri nayo.

Siwezi kuuandika mji huu kama bustani tu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na malisho uliishia katika mauaji ya watu zaidi ya 30, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Wanaogombania ardhi huwa ni wanaume, lakini makaburi hujaa mama na mtoto. Nalitaja kwa sababu mama mkwe hulitaja kila anaposikia mtu akisema kwamba shamba ni jambo dogo.

USIKU WA MAJI

Sasa nije kwa lile lililonileta kuandika.

Desemba 2009 nilikuwa Kilosa na mtoto wa miezi mitatu, huyuhuyu binti yangu. Nilikuwa kwenye likizo ya uzazi, na mume wangu alibaki Morogoro kazini. Nyumba ya mama ilikuwa shambani kwake, mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka stesheni, si mbali na mto. Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi, tena huko juu zaidi kuliko kwetu.

Mama alituamsha usiku. Hakupiga kelele. Aliniambia, "Mfunge mtoto mgongoni, usichukue kitu." Nilitaka kuwasha taa nitafute nepi. Akanivuta mkono. Nje maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu, na tulipofika kwenye miembe yalikuwa magotini. Tulipanda mlimani gizani, yeye mbele akigusa njia kwa fimbo. Kulipokucha tuliona paa la nyumba limelala juu ya udongo. Kuta za tofali mbichi zilikuwa zimeyeyuka.

Mafuriko yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi, wakakaa kambini katika mahema. Reli iliharibika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na kwa miezi mingi treni za abiria za kwenda bara hazikuweza kupita. Akina mama wa beseni walikosa nyumba na wakakosa soko kwa wakati mmoja.

Nikiwa bado na mtoto wa kunyonyesha, nilisaidia kambini pamoja na akina mama wa kanisa waliokuja na nguo na vyombo. Kazi yetu kubwa haikuwa sindano. Ilikuwa kusema jambo moja mara mia: chemsha maji, nawa mikono, mtoto akiharisha usimnyime kunywa.

Maji yalipopungua nilitegemea kwamba mama atahama. Alijenga upya. Palepale.

Tangu hapo kila masika sikulala vizuri. Mvua ikinyesha Dodoma, mimi huko Morogoro napiga simu Kilosa. Mume wangu alimbembeleza ahamie kwetu, alikataa. Tulimtafutia kiwanja mjini, alikataa. Jibu lake lilikuwa moja: "Hapa nilipewa na mama yangu." Mwaka mmoja, baada ya tishio jingine la maji, nilikasirika nikamwambia mbele ya watoto kwamba anapenda udongo kuliko wajukuu wake. Hakunijibu. Aliinuka akaenda kuosha vyombo, mtu mzima yule, mimi nimekaa. Neno lile nililijutia usiku uleule, lakini sikulirudisha. Lilikaa kati yetu miaka sita.

KARATASI

Tulipofika, tulimwamkia, akatupokea vizuri kama kawaida yake. Tulikula ugali na mlenda. Vyombo vilipoondolewa alitoa bahasha chini ya godoro, akampa binti yangu, hakunipa mimi.

"Soma kwa sauti," alimwambia. "Polepole. Usiruke."

Kumbe kulikuwa na mtu aliyekuja mara tatu. Tangu treni ya umeme ianze kupita, watu wenye fedha wamekuwa wakitafuta ardhi. Alimwambia mama anataka "kakipande kadogo" karibu na barabara ya kijiji ajenge ghala, na kwamba fedha hizo zitamtosha kujenga nyumba bora mahali pa juu. Alimwachia karatasi aweke dole gumba, akasema atarudi Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Binti alisoma. Jina la mama, jina la kijiji, majirani wa pande nne. Alipofika kwenye ukubwa wa eneo, akasimama. Akarudia. Ekari tatu na nusu.

"Bibi, shamba lote ni ekari ngapi?"

"Tatu na nusu," alisema mama.

Tulinyamaza sote. Kisha mama akasema maneno ambayo sitayasahau: "Watu humcheka Mangungo. Mangungo hakuwa mjinga. Hakuwa na mjukuu wa kumsomea."

Nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukuweka dole siku ile ya kwanza, kama alikuahidi nyumba juu?"

"Kwa sababu aliharakisha," alinijibu. "Anayenunua kwa haki hana haraka na kikongwe."

Asubuhi yake alituchukua kupanda mlima. Nilidhani tunakwenda kutafuta kuni. Tulipanda kama dakika arobaini, binti akihema na bibi yake hahemi. Tulifika kwenye uwanda mdogo wenye mawe yaliyopangwa duara, nyasi zimeyafunika. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya bibi yake yeye.

"Wazee wetu hawakulala kule chini," alisema. "Walilima chini, walilala juu. Mto waliujua. Iliyotuteremsha ni reli, na mashamba ya mkonge. Kila mtu alitaka kuwa karibu na treni. Hata mimi, kwa ajili ya beseni langu. Kukaa chini kulinisomeshea watoto, lakini nilijua ni mahali pa kuazima."

"Mbona hukuhama baada ya maji, mama?"

"Ungehamia wapi? Nyie mlitaka nihamie mjini, au kwenu Morogoro. Nikiliacha shamba msimu mmoja, mwingine ataliita pori lake. Binti zangu watapata wapi pa kurudi? Siwezi kuliacha shamba. Nyumba naweza kuiacha. Lakini hakuna aliyeniuliza hivyo. Mliniuliza nitahama lini. Hamkuniuliza nataka kulala wapi."

Kutoka pale tuliona bonde lote. Mto ulikuwa mwembamba na mpole kama uzi. Reli ya zamani ilikuwa inaufuata kila unapopinda. Upande mwingine ilionekana reli mpya ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Hapa Kilosa imepitishwa ndani ya milima katika mahandaki manne, yenye urefu wa jumla wa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Binti yangu akasema, "Bibi, hata wahandisi wamepanda juu." Mama alicheka hadi akashika kiuno.

Nami hapo, mbele ya mwanangu, nilipiga magoti nikamwomba radhi kwa neno nililolisema miaka sita iliyopita. Nililisema mbele ya watoto, basi na radhi niliomba mbele ya mtoto. Alinishika kichwa akasema, "Inuka, nyasi zina siafu." Hakuongeza jingine, na halikuhitajika.

YALE NILIYORUDI NAYO

Ijumaa yule mtu alikuja. Alimkuta mama amekaa na mwenyekiti wa kitongoji, mjukuu na mkwe. Karatasi ilisomwa tena kwa sauti. Alisema yameingia makosa ya uandishi, akaichukua, akaaga. Hakurudi.

Mama msomaji, bonde lako huenda si Kilosa. Huenda ni Rufiji, Kilombero, au kijito tu nyuma ya nyumba ya kupanga. Yafuatayo yanakufaa popote.

Kwanza, karatasi ya ardhi isomwe kwa sauti, mbele ya watu unaowaamini, kabla kidole hakijaguswa na wino. Angalia ukubwa, mipaka na bei, na kama maneno ya mdomoni ndiyo yaliyoandikwa. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Ardhi ya kijiji haiuzwi gizani. Lazima ipite kwenye halmashauri ya kijiji. Kama hamna hati ya hakimiliki ya kimila, ulizeni ofisi ya kijiji namna ya kuipata, na jina la mama liandikwe.

Pili, kama mnaishi karibu na mto, kubalianeni mapema mtapanda wapi usiku, na nani atambeba nani. Tembeeni njia hiyo mchana na watoto. Vyeti, kadi za kliniki na hati viwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, mahali ambapo mkono unafika gizani. Lakini maji yakishaingia, fanya kama mama mkwe: mfunge mtoto mgongoni, mengine uyaache.

Tatu, baada ya mafuriko usiamini maji ya kisima hata yakiwa meupe. Chemsha au tia dawa ya kutakasa. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hayapo, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya mapema. Watoto wasichezee madimbwi. Kichocho kinapenda maji yaliyotuama.

Nne, na hili ndilo gumu zaidi kwangu kuliandika: mzee anapokataa jambo, usifanye haraka kumwita mbishi. Muulize anachokilinda. Mimi niliyefundishwa kumuuliza kila mgonjwa maswali kumi kabla ya kumpa kidonge, sikumuuliza mama mkwe wangu swali moja.

Hivi sasa msingi umechimbwa kule juu, juu ya mawe ya bibi yake. Vijana wa ukoo wanapandisha tofali za kuchoma kwa punda, na mume wangu amenunua bati. Tunataka nyumba iezekwe kabla ya vuli. Shamba la chini limebaki lote, ekari tatu na nusu, nusu mahindi na nusu mpunga. Kibanda cha zamani kimeachwa kwa ajili ya majembe.

Juzi ilinyesha mvua kidogo isiyo ya msimu, nikapiga simu kwa mazoea. Alipokea binti yangu, aliyeko huko kwa likizo. Nilimuuliza bibi yuko wapi. Akasema, "Yuko juu, anawapikia mafundi. Anasema leo atalala hukohuko, eti asikilize kama paa litamkubali."

"Paa si bado?" nikauliza.

"Ndiyo, bado," akajibu. "Lakini ameshapeleka godoro."